VULI YA MFINYANZI: SAFARI YETU YA BUKOBA NA MULEBA

Msomaji aliyezaliwa pwani akilisikia neno vuli, huwaza mvua ndogo zinyeshazo siku mbili tatu kisha zikatoroka, zikamwacha mkulima akitazama mawingu. Bukoba mambo ni mengine. Upande ule wa magharibi wa Ziwa Victoria upepo huvuta unyevu wa ziwa, na alfajiri huumwaga juu ya vilima, hata mvua ya mwaka katika mji wa Bukoba hufika kiasi cha milimita 2,000, karibu mara mbili ya ile ya Dar es Salaam. Vuli ya huko huanza Septemba na kuendelea hadi Desemba. Migomba hunawiri, nyasi za mbugani hurefuka, na mfinyanzi hupata taabu. Maana kazi yake yataka maji mwanzoni na ukavu mwishoni, nayo vuli humpa maji mwanzoni na mwishoni pia.

Tulikwenda huko mwezi wa Novemba kwa haja ya kumtazama mfinyanzi na kazi yake. Ni nyumba ngapi za wasomaji wetu zisizo na chetezo cha udongo? Siku ya Ijumaa ubani hufukizwa, harufu ikaenea vyumbani, wala hakuna aulizaye kile chombo chenye makaa kimefinyangwa na mikono ya nani, na mikono hiyo ilipata nini. Swali hilo ndilo lililotupandisha melini pale Mwanza.

Meli yetu ilikuwa New Victoria, chombo kikongwe kilichoanza kuelea ziwani mwanzo wa miaka ya 1960, kikafanyiwa matengenezo makubwa na kurudi kazini mwaka 2020. Tulipoiacha bandari, mzee mmoja alisimama kando ya meli akainua mikono, na watu waliokuwa karibu naye wakaitikia amina bila ya kuuliza dua ile ni ya nani. Ilikuwa ya wale wa MV Bukoba, iliyozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, na mamia ya watu ndani yake. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Alfajiri tukakiona kisiwa cha Musira, na nyuma yake mji umelala chini ya vilima. Mji wenyewe si wa kale sana: kituo chake kiliwekwa mwaka 1890 na Emin Pasha, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Lakini biashara ya watu wa pwani katika nchi hizi ni kongwe kuliko mji. Kafuro, huko Karagwe, palikuwa na kituo cha wafanya biashara wa Kiarabu na Kiswahili katikati ya karne ya 19, kabla Speke na Grant hawajafika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861. Dini, shanga na nguo viliingia kwa njia moja, na vizazi vya waliosilimu zamani vingali vikiadhini katika vijiji vya mkoa huu, ambao siku za nyuma uliitwa Ziwa Magharibi na sasa waitwa Kagera.

Tulikwenda moja kwa moja Soko Kuu. Mtu apendaye kuijua nchi asianzie ofisini wala makumbusho. Aanzie sokoni, tena asubuhi. Mikungu ya ndizi za kupika, ambazo Wahaya huziita bitoke, ilikuwa imelazwa chini kama watoto waliochoka. Pembeni yake palikuwa na gonja za kuchoma, parachichi kubwa kuliko ngumi mbili, mananasi, viazi vikuu, na maembe ya kwanza ya msimu. Sangara na sato wa ziwani walikuwa na safu yao, na dagaa wao. Mama mmoja aliuza kahawa ya kutafuna: buni zilizochemshwa na maganda yake pamoja na majani ya kunukia, kisha zikakaushwa. Katika nyumba ya Mhaya mgeni hupewa buni hizo kabla ya chakula, azitafune polepole huku akiulizwa habari za safari. Tulizitafuna. Ukali wake ni wa kwanza tu. Baadaye mtu hutamani nyingine.

Walakini mfalme wa soko katika Novemba ni senene. Wadudu hawa wa jamii ya panzi huja kwa makundi wakati wa mvua za vuli, nao huruka usiku wakifuata mwanga. Zamani akina mama na watoto waliwaokota nyasini kungali umande. Siku hizi vijana husimamisha mabati juu ya mapipa na kuwasha taa kali, senene wakagonga bati na kuteleza ndani. Hunyofolewa mbawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Waislamu wa huko huwala wakiwahesabu katika jinsi ya nzige, ambao Mtume (s.a.w.) alituhalalishia bila ya kuchinjwa. Msomaji wa Tanga au Lamu anayekunja uso na akumbuke pweza, ambaye watu wengi wa bara wakimwona hukimbia.

Senene hao ndio waliotufikisha kwa mfinyanzi. Katika pembe ya soko, mbele ya ndoo za plastiki na sufuria zilizopangwa mpaka juu, tulimkuta mama mmoja mtu mzima, ameketi juu ya mkeka na vyombo vyake vya udongo vimemzunguka: makaango mapana, vyungu vya maharage, mitungi miwili, vyetezo kumi na vitatu, na vyungu vya maua. Alitusalimu kwa kupiga magoti kidogo, kama ilivyo desturi ya mabibi wa Kihaya, nasi tukamwitikia "Waitu", neno la heshima. Alipokwisha kusikia salamu yetu ya Kiislamu uso wake ulifunguka, akasema, "Basi nyinyi ni wanangu, keteni." Kwa kuwa hakupenda jina lake litiwe gazetini, sisi tutamwita Ma, kama majirani zake wanavyomwita kila mwanamke mwenye heshima.

Makaango yalikuwa yakienda. Wapo watu washikao kwamba senene wa kwenye kaango la udongo hawaungui, na kwamba ladha yao ni nyingine. Sisi hatukuweza kuhukumu, maana tulionja wa aina zote mbili tukaona wote ni wema. Mitungi haikutazamwa na mtu. Alikuja kijana mmoja aliyevaa vizuri, akainua chungu, akakigonga kwa kucha, akauliza bei. Alipoambiwa, alicheka.

"Mama, hiki ni udongo tu. Nitakupa nusu."

"Udongo tu uko bondeni, mwanangu," Ma alimjibu bila ya hasira. "Haulipiwi. Nenda kachote."

Kijana akaondoka. Dakika chache baadaye tulimwona akinunua ndoo ya plastiki kwa bei iliyobandikwa, hakuomba apunguziwe hata shilingi. Jambo hili lilituchoma. Mtu hasemezani na kiwanda. Bei ya kiwanda huipokea kama amri. Akifika kwa mzee aliyeketi chini, ambaye mikono yake aiona kwa macho, hapo ndipo hugeuka hodari wa kupatana bei. Kupatana ni halali, na soko lisilo na mapatano lina baridi. Lakini kupatana ni pande mbili kukaribiana; huku kwingine ni kumtazama mtu mhitaji na kukisia njaa yake imefika wapi.

Siku ya pili tulifuatana na Ma na mjukuu wake kurudi kwao, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muleba, chini ya mwinuko wa Kamachumu. Njia hutoka Bukoba ikielekea kusini, ikapita Kyetema na Kemondo, ambako kuna bandari nyingine ya meli, kisha Muhutwe. Kulia na kushoto ni vibanja, yaani mashamba ya migomba yaliyozunguka nyumba, na ndani ya migomba mna mibuni na maharage, kila mmea ukimfunika mwenzake. Baina ya kijiji na kijiji hutokea rweya, uwanda wa nyasi wenye ardhi dhaifu, ambao Wahaya kwa karne nyingi waliukata nyasi kwa ajili ya kutandaza vibanjani na kuezekea nyumba za msonge. Mtu apitaye kwa gari hudhani neema ile ya migomba imejiotea. Sivyo. Ni samadi na nyasi zilizobebwa kichwani kizazi baada ya kizazi. Nayo ina adui zake, kwa kuwa tangu miaka ya 2000 ugonjwa wa mnyauko umeangusha migomba mingi, na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku wamekuwa wakiwahimiza wakulima kung'oa mashina yaliyougua na kusafisha panga kwa moto.

Nyumba ya Ma ina bati, ukuta wa matofali wenye ufa mrefu uliozibwa, na banda la miti nyuma. Katika banda ndimo ufanyikapo ufinyanzi. Udongo huchimbwa katika bonde lenye majimaji, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na mjukuu huubeba. Huo peke yake haufai. Ukifinyangwa mtupu hunywea wakati wa kukauka, ukapasuka. Lazima uchanganywe na kitu kikavu kitakachoushika, na kitu hicho ni vigae vya vyungu vya zamani, vilivyotwangwa kinuni vikawa chenga. Chungu kipya, basi, kina chungu cha kale ndani yake.

Tulipouliza habari za ufa ukutani, tulipata kisa ambacho twaona kinastahili kusimuliwa chote. Tarehe 10 Septemba 2016, mchana wa Jumamosi, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Ma alikuwa amepanga juu ya chanja vyombo vya msimu mzima, vikingoja vuli na senene. Ardhi ilipotikisika alitoka nje akiwa amemshika mjukuu, wakati ule mtoto mdogo. Vumbi lilipotua akarudi ndani, asikute hata kimoja kilichosalia. Majirani walikuja kumpa pole, mmoja akaanza kuzoa vigae ili avitupe shimoni. Ma akamzuia. Kwa siku nyingi alikaa na mchi akitwanga vyungu vyake mwenyewe, na chenga zile akazitia katika udongo mpya. "Mpaka leo," alisema, "ukivunja chungu changu utaiona chembe ya tetemeko."

Namna ya kufinyanga kwake haina gurudumu. Hutandaza kitako cha chungu ndani ya kigae kipana kinachozungushwa kwa mkono, kisha huvingirisha udongo uwe kama kamba nene, akaupandisha duara juu ya duara, huku kidole gumba kikiziba maungio. Wahenga wamesema udongo uwahi ungali maji. Tulilifahamu neno hilo siku ile tulipoona jinsi asivyoweza kuacha kazi hata kuitika hodi. Ukuta ukisimama huulainisha kwa kokoto ya ziwani. Mwisho huchukua kamba fupi iliyosokotwa kwa majani, akaibingirisha shingoni mwa chungu kwa kiganja, na pale ipitapo huacha safu za alama ndogo ndogo kama nyayo za ndege.

Msomaji asipite upesi juu ya kamba hiyo. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta vigae vyenye alama za kamba iliyobingirishwa katika nchi zote za Maziwa Makuu, na desturi hiyo ina umri wa miaka 1,000 na zaidi. Kabla yake palikuwa na vyungu vingine vizuri ajabu, vyenye midomo iliyochongwa na kitako chenye kishimo, ambavyo wataalamu huviita vya Urewe, kwa jina la mahali huko Siaya, Kenya. Vya namna hiyo vilikutwa hapa Buhaya pia. Katuruka, si mbali na Maruku, wazee walikuwa wakisimulia kwamba chini ya mti mkubwa uitwao Kaiija mfalme Rugomora Mahe aliwakusanya wahunzi wamjengee mnara wa chuma upande hadi mbinguni. Mwaka 1969 na 1970 mtaalamu wa Kimarekani, Peter Schmidt, alichimba mahali pale pale wazee walipomwonyesha, akakuta mabaki ya kazi ya chuma pamoja na vigae vya Urewe. Na mkaa wake ulipopimwa umri ukaonyesha kiasi cha miaka 500 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa.

Mwaka 1978 Schmidt na mwenziwe Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa nchi hii waliweza kutoa chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Siri yao moja ilikuwa katika udongo. Mirija ya kupulizia ilifinyangwa ndefu, ikaingizwa ndani kabisa ya tanuri, na upepo wa mivukuto ukapata moto njiani kabla ya kuufikia mkaa. Pasipo mfinyanzi, mhunzi asingefika popote. (Tulipowaza habari za mnara ule, tulimkumbuka Firauni katika Sura ya Al-Qasas, alivyomwamuru Hamani awashe moto juu ya udongo amjengee mnara ili amchungulie Mungu wa Musa. Wafalme hupenda mnara. Wafinyanzi na wahunzi ndio wapatao jasho.)

Kazi ile ya chuma ilikuwa imekwisha kufa, kwa sababu chuma cha ng'ambo kilikuja rahisi. Wazee waliojenga tanuri mbele ya wataalamu katika miaka ya 1970 walifanya hivyo kwa kukumbuka mambo ya ujana wao. Na wazee wa namna hiyo hawakurithiwa kama ilivyopasa. Kagera ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipotambuliwa, mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilichukua watu wa makamo, wale hasa ambao wangepokea ujuzi kwa wazazi na kuwapa watoto. Ma aliwafundisha udongo binti zake wawili. Wote wawili walizikwa katika miaka ya 1990. Mwanawe mdogo wa kiume hufanya kazi Mwanza, na mjukuu aliye naye ni wa huyo.

Mjukuu ana miaka kumi na mitatu. Alikuwa ameshapata matokeo ya darasa la saba, naye Januari angeingia Kidato cha Kwanza. Ada ilifutwa na serikali mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na mkoba havikufutwa. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini Ma alihesabu vyombo vyake kila jioni.

Na kulikuwa na neno jingine. Mfanya biashara mmoja auzaye vitu kwa watalii alikuwa amekuja nyumbani wiki mbili nyuma, akatoa rai ya kununua tembo na twiga wa udongo, arobaini kabla ya mwisho wa Desemba, nusu ya fedha mkononi. Fedha ile ingetosha sare, na zaidi. Ma alikataa. Alisema yeye hafinyangi chenye roho, kwa kuwa aliogopa kuulizwa kesho na kuambiwa kihuishe ulichokiumba. Mjukuu hakuridhika, na mbele yetu akaanza tena hoja ambayo bila shaka ilikuwa imezungumzwa mara nyingi.

"Bibi, ustadhi alitusomea kwamba Bibi Aisha alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa, na Mtume (s.a.w.) alimwona akacheka."

"Kweli. Bibi Aisha alikuwa akicheza. Hao wazungu wako watacheza?"

"Watawapa watoto wao."

"Watawaweka kabatini na kuwatazama."

Kijana akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba angewafinyanga yeye, na dhambi iwe yake. Ma hakumkaripia. Alimwambia, "Dhambi yako nitailala vipi?" Akampa kamba ya majani na chungu cha maua kisichotiwa nakshi. Tulimtazama mtoto yule akiibingirisha, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili sawasawa. Masheikh wana maneno marefu katika mas'ala ya sanamu na vitu vya kuchezea watoto, wala sisi hatukukaa pale kutoa fatwa. Tuliloliona ni kwamba bibi huyu alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilimgharimu.

Chakula cha mchana kilikuwa bitoke kwa maharage, nacho kilipikwa katika sufuria ya alumini iliyobonyea. Tulicheka, naye akacheka, akasema kabla hatujasema: "Mfinyanzi hulia gaeni." Vyungu vizima huuzwa.

Kuchoma ndiko kazi ya hatari. Kwa kawaida vyombo hukaushwa kivulini siku kumi au zaidi. Katika vuli, hewa ikiwa imejaa maji, hata wiki tatu hazitoshi, kwa hiyo Ma huvipandisha juu ya uchaga wa jikoni vipate moshi na joto. Chombo chenye unyevu kikitiwa motoni, maji yaliyo ndani ya ukuta wake hugeuka mvuke, na mvuke usipopata njia hukipasua. Joko lake halina kuta. Ni shimo pana lisilo refu, lenye kitanda cha kuni. Vyombo hupangwa vimefudikizwa, vikafunikwa majani makavu ya migomba, nyasi, na vigae vikubwa juu. Siku ya tatu ya kukaa kwetu alitoka alfajiri baada ya sala, akatazama upande wa ziwa kwa muda, akasema, "Leo."

Saa tatu moto uliwashwa, mdogo kwanza, wa kuvipasha tu. Saa tano ukaachiwa. Vyombo vilikuwa thelathini na vinne. Saa sita na robo wingu likasimama nyuma ya migomba, jeusi chini na jeupe juu, na upepo ukageuka. Hakuna aliyesema kitu. Mjukuu alikimbia nyuma ya banda akarudi na bati, akarudi tena na jingine, na jirani mmoja aliyekuwa akipalilia akaacha jembe akaja na la kwake. Mabati yakaegemezwa juu ya vijiti kwa upande wa upepo, bila ya kuuziba moto. Matone ya kwanza yalipogonga bati tulisikia katika joko sauti moja, ta! kisha nyingine. Ma alikuwa akizihesabu kwa midomo. Mvua ilikuwa ya upande. Ililowesha uwanja wote, ikapita kwenda Kamachumu kabla ya nusu saa.

Udongo ukiisha kupita nyuzi joto 600 hivi haurudi tena kuwa tope, hata ukitiwa mtoni mwaka mzima. Jioni ile vyombo ishirini na vitano vilitolewa majivuni vikiwa vimevuka mpaka huo salama, vyekundu, na mabaka meusi mahali ambapo moshi uliviramba. Tisa vilikuwa vimevunjika. Mjukuu alivikusanya katika kikapu akakiweka kando ya kinu.

Siku ya gulio la Muleba tuliondoka mapema. Vyombo vilifungwa kwa nyasi na majani ya mgomba, vikapangwa katika matenga, na tenga moja likapanda pikipiki mbele ya macho yetu huku tukisoma kila tulichokijua. Halikupata dhara. Gulio ni soko la siku maalumu, na watu hushuka kutoka vijiji vyote, na wengine huvuka kutoka visiwani na samaki wao. Hapa vikapu na mikeka ya ukindu vilikuwa vingi, na wauzaji walituambia kwamba tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, watu wa mjini wamevikumbuka vikapu walivyokuwa wamevisahau. Ma alisikiliza, akasema angefurahi kama serikali ingezikumbuka na ndoo.

Vyetezo vyote viliuzwa kabla ya adhuhuri, vingi kwa mwanamke mmoja wa Kiislamu mwenye duka ambaye hakubishana bei hata kidogo. Aliuliza, akalipa, akaomba apelekewe vingine ishirini kabla ya Ramadhani. Vyungu vya maua saba vilinunuliwa na mwalimu, na hapo mjukuu alijifanya hatazami, kwa sababu vitatu kati yake vilikuwa na nakshi yake. Jioni viatu na madaftari vilikuwa vimepatikana. Sare ilikuwa bado, na Novemba ilikuwa imebaki na siku tisa.

Mteja wa mwisho alikuwa bibi arusi mpya, mwenye hina mikononi, aliyetaka chungu cha maharage, lakini aliogopa kitapasuka akikiweka motoni. Twaandika hapa maelezo aliyopewa, kwa faida ya mabibi wasomaji wetu ambao watanunua chungu na kukilaumu bure. Kwanza kilazwe ndani ya maji usiku mzima mpaka kiache kutoa mapovu. Asubuhi kitiwe uji mwepesi wa mahindi au maji ya pumba, kijae, kiwekwe juu ya moto mdogo, na moto uongezwe kidogo kidogo mpaka uji uchemke kwa muda wa saa moja; wanga wa uji huingia katika vitundu vya udongo ukaviziba. Uji huo umwagwe, chungu kioshwe kwa maji na jivu jepesi, kisianikwe juani bali kivulini. Kisipakwe sabuni, kwa kuwa udongo huinywa na kuirudisha katika mchuzi. Kisitolewe motoni na kuwekwa juu ya sakafu yenye maji. Na mara tatu za kwanza kipikiwe maharage, wala si samaki, kwa sababu harufu ya chakula cha kwanza chungu hakiisahau.

Bibi arusi alirudia maelezo yote kwa sauti asije akakosea. Kisha akakifunga chungu ndani ya kanga yake ya pili, akakipakata, na mumewe akaambiwa aendeshe pikipiki polepole.